Ushuru Upi, Mheshimiwa?

Katiba yetu ya Kenya inataka tupige kura Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, siku yetu ijayo ni tarehe 10 Agosti 2027. Tutapewa karatasi sita, na ile ya rais ndiyo itakayomeza redio, runinga na maongezi ya vijiweni. Nawaomba, ndugu zangu, tuanze mapema kuzungumza kuhusu karatasi mbili zinazopewa muda mchache mno: ya gavana na ya mwakilishi wadi. Hao wawili ndio watakaoamua mama mboga alipe nini kila asubuhi, mwenye bodaboda atozwe nini kuegesha, na kinyozi leseni yake iwe ya kiasi gani.

Ahadi zao tunazijua. "Nitaondoa ushuru unaowakandamiza." "Nitapunguza leseni." "Serikali yangu itakuwa ya mwananchi wa kawaida." Tumezisikia 2013, 2017 na 2022, zikitoka juu ya gari lenye vipaza sauti, kati ya wimbo mmoja na mwingine, huku kofia na leso zikirushwa. Tukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, msafara ukaondoka kuelekea wadi nyingine. Swali moja tu halikuulizwa: ushuru upi, mheshimiwa? Unashuka kutoka shilingi ngapi hadi ngapi, na kuanzia mwaka gani wa fedha?

Silaumu umati. Mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni na kusimama juani kumsikiliza mgombea amefanya jambo jema. Ninachoomba ni kwamba tusiondoke uwanjani mikono mitupu.

Tuanze na mipaka ya kazi, maana hapo ndipo wengi wetu hudanganywa bila kujua. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinagawa mamlaka ya kutoza. Kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, kodi nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge, pamoja na ada za huduma inazotoa. Kwa hiyo anayegombea uwakilishi wadi akikuahidi kushusha bei ya petroli, au kupunguza makato ya mshahara wako, anakuahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake na ambacho hakitakuwa mkononi mwake hata akishinda kwa kura zote za wadi. Gavana naye hawezi kukuondolea VAT. Anaweza kulalamika kama wewe na mimi, basi.

Yaliyo mikononi mwao, hata hivyo, si madogo. Mwishoni mwa kila Sheria ya Fedha ya Kaunti kuna majedwali, na humo ndimo ushuru wetu wa kila siku unamokaa. Nawasihi mlifungue moja, la kaunti yenu, mlisome hata kwa nusu saa. Ni kurasa nyingi, mstari baada ya mstari: gunia la viazi linaloingia sokoni, mkungu wa ndizi, kreti ya nyanya, mbuzi anayeuzwa mnadani, ng'ombe anayechinjwa, kibanda cha mbao, saluni, hoteli ya chai, duka dogo lililopimwa kwa idadi ya wafanyakazi na ukubwa wa sakafu, mkokoteni, matatu inayotumia stendi kwa mwezi, bango lililopakwa ukutani, ramani ya nyumba inayosubiri kuidhinishwa, cheti cha afya cha anayepika chakula cha kuuza, kaburi katika makaburi ya umma. Mbele ya kila mstari kuna kiasi cha shilingi. Ukipata mswada kabla haujapitishwa, mara nyingi utakuta safu mbili zimekaa bega kwa bega: kiasi cha sasa na kiasi kinachopendekezwa.

Kati ya safu hizo mbili ndimo yalimo maisha ya watu. Tuchukue mfano wa meza ya sokoni inayolipiwa shilingi 30 kwa siku, na pendekezo kwamba ilipiwe 50. Shilingi 20 zaidi hazimtishi mtu akizisikia mara moja. Lakini kwa anayeuza siku sita kwa wiki, ni shilingi 6,240 zaidi kwa mwaka, na hizo hazitoki benki, zinatoka kwenye faida ya sukuma wiki na vitunguu. Mgombea anayesema "nitapunguza ushuru" bila kutaja mstari wowote wa jedwali hajamwahidi mama huyo chochote. Anaweza kushusha ada ya mabango, ambayo mama huyo halipi, apandishe ya meza, kisha asimame miaka mitano baadaye na kusema kwa dhati kwamba alitimiza neno lake.

Mfuate sasa mkulima wa viazi wa Nyandarua. Lori lake likitoka, hulipishwa ushuru wa mazao, ule wakulima wanaouita sesi. Likifika Marikiti jijini Nairobi, au likiteremka hadi Kongowea, Mombasa, kuna ushuru wa soko wa kushusha. Katika safari moja, gunia hilo hilo limezihudumia kaunti mbili, na bei ya mwisho anailipa anayenunua kilo mbili za chakula cha jioni. Katiba, katika kifungu hicho hicho cha 209, inakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au kuzuia bidhaa kusafiri nchini. Hilo ni swali zuri kwa mgombea ugavana wa kaunti yoyote inayolima au inayokula: magunia yanayopita kwako utayatoza nini, na umezungumza na kaunti jirani? Anayelielewa atajibu. Asiyelielewa ni heri tumjue mapema.

Kuna ahadi nyingine inayopendwa sana, ya kufuta. "Nikiingia tu, nafuta madeni yote ya kodi ya ardhi." Inavutia, hasa kwa mjane aliyeachiwa ploti yenye malimbikizo ya miaka. Lakini kifungu cha 210 kinasema kodi au ada ya leseni haiwezi kuwekwa, kuondolewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Na pale sheria inaporuhusu msamaha, lazima kuwe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na msamaha huo na sababu zake viripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Gavana hafuti kodi kwa kipaza sauti. Anapeleka mswada kwenye bunge la kaunti, au anatumia sheria iliyopo, na majina ya waliosamehewa yanaandikwa. Kwa hiyo tumuulize aliyeahidi: utapitia sheria ipi, na orodha ya watakaosamehewa tutaiona wapi? Nalisisitiza hili kwa sababu msamaha usio na orodha huwafikia wenye ploti kubwa kabla ya kumfikia yule mjane.

Swali gumu kuliko yote ni la pengo. Ukipunguza hapa, ni huduma gani itakosa fedha? Kaunti hazijitegemei. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25, mgao wa kaunti zote 47 kutoka hazina ya taifa ulikuwa shilingi bilioni 387.4. Mapato ya ndani, yaani leseni, ada za soko, maegesho, kodi ya ardhi na ada za hospitali, kwa kaunti zote pamoja yalikuwa takriban bilioni 67 mwaka huo huo. Ni sehemu ndogo, lakini ndiyo sehemu ambayo kaunti inaweza kuiongeza au kuipunguza yenyewe, na mgao ukichelewa, kama unavyochelewa mara kwa mara, ndiyo inayobaki kununulia dawa na mafuta ya ambulensi. Tena katika kaunti nyingi ada za hospitali ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha hizo. Mgombea anayesema atapunguza kila ada na papo hapo atajenga zahanati, soko na barabara za wadi ana deni la maelezo. Asipotueleza, maelezo tutayapata baadaye kwa fundi na mkandarasi mdogo aliyechimba mtaro akamaliza, na hadi leo hajalipwa. Madeni ya aina hiyo, kwa kaunti zote, yamepita shilingi bilioni 100.

Wapo wanaojibu, "Nitaziba mianya." Ni jibu la haki, kwa sababu mianya ipo, na kila muuzaji aliyewahi kulipa akanyimwa risiti anaijua. Lakini nalo lisiachwe likielea. Mianya ipi? Ni ya soko, maegesho, au lango la machimbo ya mchanga? Malipo yote yatapitia simu? Nani atachapisha, kila baada ya miezi mitatu, ni kiasi gani kilikusanywa katika kila soko? Mgombea aliye tayari kubandika takwimu hizo kwenye ukuta wa soko lenyewe, nitamsikiliza hadi mwisho wa hotuba yake.

Na nina jambo ambalo huenda halitapendwa. Si kila anayesema atapandisha ushuru ni adui yetu. Nairobi ilikaa kwa miongo kadhaa ikikadiria kodi ya ardhi kwa orodha ya thamani iliyotayarishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ploti zenyewe zimepanda bei kupita kiasi. Mwenye jumba la ghorofa alilipa kwa thamani ya enzi ya wazazi wake, na muuza nyanya alilipa kwa bei ya leo, kila siku, kabla hajauza hata kilo moja. Mgombea anayesimama na kusema wazi kwamba atakadiria upya ardhi kubwa za mjini ili ashushe ada za vibanda anahatarisha kura zake. Huyo tumpigie makofi. Sisi wapiga kura tumewafunza wanasiasa kwamba maneno ya jumla hayana gharama na tarakimu huwapotezea kura. Kwa hiyo wanatupa maneno ya jumla. Tukianza kuwatuza wanaotaja tarakimu, hata zile zisizotufurahisha, wengine watawafuata.

Upande wa serikali yenyewe, ahadi ni zile zile: kuipunguza, kuileta karibu, kuifanya ya mwananchi. Hapa kuna vipimo, navyo vimo kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinaweka mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato yote. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha, mwaka baada ya mwaka, kaunti nyingi zikishindwa kutimiza vipimo hivyo. Basi anayeahidi serikali ndogo atuambie kaunti yetu iko asilimia ngapi leo na anaahidi ifike ngapi. Na anayewaahidi vijana wetu mia kadhaa ajira za kaunti katika mkutano wa asubuhi, kisha kuahidi kubana matumizi katika ule wa jioni, tumkutanishe na maneno yake mwenyewe.

Mwakilishi wadi, kwa sheria, hajengi barabara wala haajiri daktari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kujiingiza katika utekelezaji. Kazi yake ni kutunga sheria, kuidhinisha bajeti na kuisimamia, na kutuwakilisha. Hata basari, ambazo zimekuwa alama ya mwakilishi mwema katika wadi nyingi, zilizua mzozo mapema mwaka 2025, kwa sababu elimu ambayo Katiba imeikabidhi kaunti ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na Msimamizi wa Bajeti akataka kuwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya fedha kutolewa. Sisemi wazazi wasiombe basari. Nasema tumpime mwakilishi kwa kitu anachopewa mamlaka nacho, yaani kura yake bungeni siku Mswada wa Fedha unapopitishwa. Je, mwakilishi wako wa sasa alipiga kura vipi? Kama hujui, hauko peke yako, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Maana uwezo wa kusoma tunao. Juni 2024 vijana wa Gen Z waliuchukua Mswada wa Fedha wa taifa wakausoma kifungu kwa kifungu. Waliutafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaeleza VAT ya mkate na kodi ya magari kwenye video za dakika moja, hadi nyanya zetu vijijini wakawa wanauliza kuhusu vifungu. Tarehe 25 walifika Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Walilipa kwa damu, na hakuna neno la kulipunguza uzito jambo hilo. Lakini jicho lile lililosoma mswada wa taifa bado hatujaligeuza kuitazama miswada 47 ya fedha inayopita kila mwaka katika mabunge ya kaunti, mingi ikiwa imesomwa na watu wasiojaza matatu moja.

Na sheria iko upande wa wanaosoma. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013. Kilichoiangusha ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla haijapitishwa. Jaji alieleza kwamba kuwashirikisha umma lazima kuwe kwa kweli, si kwa kutimiza utaratibu, na kwamba bunge la kaunti linapaswa kutumia makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji ili ujumbe uwafikie watu. Uamuzi huo umerejelewa na mahakama mara nyingi tangu wakati huo. Ulianzishwa na wananchi walioona wanatozwa bila kuulizwa, wakaenda kortini.

Basi haya ndiyo ninayoomba, na nayaomba kwa upendo. Kabla ya kampeni kupamba moto, tafuteni Sheria ya Fedha ya kaunti yenu. Ikiwa haipo kwenye tovuti, mwendeeni msimamizi wa wadi na ombi la maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwenye habari siku 21 kujibu. Chama cha akina mama, kikundi cha bodaboda, jumuiya ndogo ya kanisa, vijana wa msikiti, kila kimoja kichague mistari mitatu tu ya jedwali inayowagusa wanachama wake. Mitatu inatosha. Mgombea akija kuomba kura, na atakuja, msomeeni mistari hiyo kwa heshima zote, mumuulize atafanya nini na kila mmoja, na fedha zitatoka wapi. Jibu liandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe, naye aombwe kulitia sahihi. Akisema hajui, akaahidi kurudi na jibu, mpeni nafasi arudi. Mtu anayekubali kwenda kusoma ana heshima kuliko anayebahatisha.

Kwenu watangazaji wa redio za mashinani nina ombi la pekee. Nyinyi ndio mnaosikika jikoni na shambani. Mgombea akiingia studio, msimwache apite na "nitapunguza ushuru". Mshikilieni pale kwa upole hadi ataje kiasi. Walimu wa hesabu, wahasibu, makarani wastaafu wa kanjo, mnaozielewa safu hizi kuliko sisi, kaeni na majirani zenu Jumamosi moja alasiri mzipitie pamoja.

Na uchaguzi ukipita, kazi ya daftari haijaisha. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa, ule wa CIDP, unaishia 2027, na mpya wa miaka mitano utaandikwa katika miezi ile ile ambayo washindi watakuwa bado wanapokea pongezi. Bajeti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bunge kuidhinisha matumizi. Kuna vikao vya maoni ya umma katika kila hatua, kwenye kumbi za wadi na chini ya miti, na viti vingi huwa vitupu. Nendeni watatu wanne kutoka kila kikundi, mkae mbele, mfungue ukurasa wenye sahihi ya mheshimiwa, mumsomee.